Muhogo wa Asubuhi kwa Mtoto wa Shule

Mtoto wa shule ya msingi katika Masasi na Newala aghalabu hutoka nyumbani mapema mno, na chochote anachokula kabla ya mchana hukila njiani. Kwa hiyo mzazi huhitaji chakula kinachoandaliwa upesi, kinachoshibisha, na kinachobebeka mkononi bila kumwagika. Andazi linalonunuliwa kando ya barabara ni la upesi na hubebeka, lakini shibe yake haidumu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni unga mweupe, sukari na mafuta. Uji hushibisha vema, ila haubebeki.

Kwa maoni yetu, chakula kinachofaa zaidi kinapatikana katika mashamba ya wilaya hizo hizo. Muhogo mtamu uliochemshwa jioni, ukapashwa moto asubuhi na kufungwa pamoja na konzi ya karanga za kukaanga, ni kifungua kinywa kamili kuliko vingi vinavyouzwa dukani. Muhogo peke yake hutia nguvu, lakini hauna protini ya kutosha: gramu 100 za muhogo huwa na gramu moja hivi au mbili, ilhali gramu 100 za karanga zina takriban 25. Konzi ya gramu 30 humpa mtoto protini inayokaribia au kuzidi kidogo ile ya yai moja. Asiyekuwa na karanga atumie njugu mawe au mbaazi zilizochemshwa tangu jana, au yai lililochemshwa na kuachwa katika ganda lake, ambalo ndilo kifungashio bora kuliko vyote. Vipande vya korosho vilivyobanguliwa navyo vinafaa. Mtoto asiachiwe kazi ya kubangua, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi.

Neno tulilolitumia hapo juu ni muhogo mtamu, na mlaji anapaswa kulishika. Muhogo mchungu una viini vinavyozalisha sumu ya sianidi, na kuuchemsha au kuuchoma hakuiondoi sumu hiyo kwa kiwango cha kutosha. Sokoni aina hizi mbili hufanana kwa macho. Mnunuzi amwulize muuzaji, kisha akate kipande kidogo kibichi na kukigusisha ulimi; kikiwa kichungu akiteme, na muhogo huo asiupeleke chunguni. Kipimo hiki husaidia, lakini si kamili. Wakati wa ukame sumu huongezeka hata katika mihogo inayojulikana kuwa mitamu, na hapo tahadhari iongezwe.

Hatusemi haya kwa nadharia. Mwaka 1988, wakati wa ukame na upungufu wa chakula, watu katika Wilaya ya Masasi walipatwa na sumu baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Kwa desturi muhogo huo humenywa na kuanikwa juani kwa majuma, ukawa makopa, ndipo unaposagwa. Njaa haingoji majuma. Watu walifupisha kazi, nao muhogo ukaliwa ukiwa bado na sumu. Miaka ya mwanzoni mwa 2000, katika vijiji vya Mkoa wa Mtwara, ulionekana pia ugonjwa wa konzo, ambao tayari ulikuwa umeripotiwa katika Mkoa wa Mara katika miaka ya 1980. Konzo hupoozesha miguu yote miwili kwa ghafla, haina tiba ya kuirudisha miguu katika hali yake, na huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huwapata wale wanaokula muhogo mchungu kwa majuma mengi huku wakikosa protini, maana mwili huitumia protini katika kuivunja nguvu sumu hiyo. Ndiyo sababu ya pili ya kusisitiza karanga, mbaazi, yai au dagaa kando ya muhogo.

Mahali pengine muhogo mchungu huloweshwa majini kwa siku kadhaa. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako udongo wa kichanga huyanyonya maji ya mvua na maji ya ndoo hununuliwa au huchotwa mbali, ushauri huo hautekelezeki kwa kaya nyingi. Ipo njia inayotumia maji kidogo, nayo imekwisha kufundishwa katika vijiji vya kusini. Unga wa makopa hutiwa katika bakuli na kimo chake kutiwa alama upande wa ndani. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda hadi kuifikia alama tena, na hapo maji yametosha. Unga huo mbichi hutandazwa juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hutoka ikiwa hewa. Unga upikwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukilala huchacha. Vitumbua au mkate wa muhogo wa asubuhi upikwe kwa unga ulioandaliwa hivyo.

Karanga nazo zina hadhari yake, yaani sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi. Kukaanga hakuimalizi. Tunashauri mlaji anunue karanga nzima, azichambue mwenyewe, na azitupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizo chungu. Asimpe kuku wala mbuzi. Karanga zilizokwisha kutwangwa ziepukwe pale ambapo muuzaji hafahamiki, kwa sababu huko ndiko mbovu hufichwa kwa urahisi.

Anayenunua biskuti au juisi ya pakiti aangalie nembo ya TBS, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 TBS ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA. Wakati wa msimu wa korosho, bibo bichi lina vitamini C kwa wingi na halinunuliwi. Tatizo lake ni kwamba utomvu wake hauoki katika shati jeupe la shule, kwa hiyo ni heri liliwe nyumbani.

Chakula kifungwe katika bakuli lenye mfuniko au kitambaa safi kilichopigwa pasi, si katika gazeti wala karatasi ya daftari lililoandikwa, maana wino huhamia kwenye mafuta ya chakula.

Mtoto aliyekula muhogo akaanza kutapika, kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu au kulegea ndani ya saa chache, apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, na kilichobaki cha chakula hicho kichukuliwe pamoja naye ili mganga ajue alichokula.