VIWAVI WA MKARATI, NA SABABU YA KUKATAZA MOTO

Katika juma la tatu la muhula huu wanafunzi wa zamu ya bustani walinijia wakisema kwamba mti wa mkarati ulio kati ya jiko na bweni umeingiliwa na viwavi. Nilikwenda kuutazama, nikawaona wamerundikana shinani kwa mamia, wenye manyoya marefu, na juu matawini viota vya nyuzi vya rangi ya kahawia. Kabla sijasema neno, vijana wawili walikuwa wamekwisha kuleta nyasi kavu, mafuta ya taa na kiberiti. Niliwakataza. Walitii kama iwapasavyo, lakini baadaye nilisikia maneno kwamba Mwalimu wa Bayolojia anaogopa wadudu. Ni kweli, hawa nawaogopa, na leo nataka kueleza sababu, ili wanafunzi, na wazazi wenye miti nyumbani, wajue la kufanya.

Nilizaliwa karibu na Msitu wa Kakamega, na nyumbani kwetu palikuwa na mkarati mkubwa wa kivuli. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 mti ule uliingiliwa na viwavi. Mama alisema tumngoje Bwana Shamba. Mimi, kwa kuwa baba alikuwa safarini, nilijiona ndimi mwanamume wa nyumba. Nikafunga nyasi kwenye ufito mrefu, nikazitia moto, nikachoma kiota kimoja baada ya kingine. Viwavi walianguka kama mvua, nami nikafurahi sana. Sikuangalia upepo unaelekea wapi. Mdogo wangu, mtoto wa miaka 4, alikuwa akicheza upande wa pili wa ua, na moshi wote ulimwendea yeye. Jioni shingo na mikono yake ilivimba, akawa analia na kujisugua jicho la kushoto. Asubuhi jicho halikufumbuka. Zahanati walituambia tumpeleke kwa daktari wa macho, naye alikuta vijinywele vya kiwavi vimechoma kioo cha jicho, akavitoa kimoja kimoja. Kwa bahati njema hakupofuka. Lakini hata leo, naye ni mtu mzima mwenye watoto, husoma kwa jicho la kulia. Mama hakunipiga. Alisema tu, "Uliutazama moto, hukuutazama upepo."

Viwavi wenyewe

Kwanza ifahamike kwamba viwavi walio wengi hawana madhara kwa ngozi ya mtu. Kiwavi ni mtoto wa kipepeo au wa nondo, na bila yeye tusingepata kipepeo hata mmoja bustanini. Wa kuogopwa ni wachache, nao wako wa namna mbili. Namna ya kwanza ni wenye miiba iliyoshikamana na mwili, kama wale wa kijani wa jamii ya Parasa ambao wakulima wa kahawa wanawajua vema. Hao huchoma kama sindano, lakini mpaka uwaguse. Namna ya pili ni hatari zaidi, maana nywele zao hukatika na kuruka hewani. Mtu aweza kuwashwa bila kuwagusa wala kuwaona.

Kila mmoja wetu anaujua upupu. Ganda lake limefunikwa vijinywele ambavyo vikigusa ngozi mtu hujikuna mpaka machozi yamtoke. Nywele za viwavi hawa hufanya kazi vivyo hivyo. Zile ziwashazo ni ndogo mno, hata hazionekani kwa macho matupu. Zina ncha kali na vimiiba kama vya ndoana, basi zikiingia hazirudi nyuma, na kila ukijikuna huzidi kuzama. Zina protini ambazo mwili huzipinga kwa kuvimba na kuwasha. Zikivutwa puani huleta kikohozi, na kwa mwenye pumu zaweza kuleta shida kubwa ya kupumua.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni hili: kiwavi akifa, nywele zake hazifi. Hubaki katika kiota, katika ngozi aliyoivua, na katika udongo chini ya mti, zikaendelea kuwasha muda mrefu baada ya viwavi kwenda zao. Ndiyo maana moto haufai. Joto lake hupandisha hewa juu, na hewa hiyo huzichukua nywele zisizoungua na kuzitawanya mpaka kwa jirani.

Viwavi wa mkarati wetu ni wa jamii ya Anaphe. Nondo jike hutaga mayai yake pamoja chini ya jani na kuyafunika kwa nywele za tumbo lake. Viwavi wakianguliwa huishi kama ndugu wa nyumba moja: hula pamoja, na wakihama huandamana mstari, mmoja nyuma ya mwenziwe, kama wanafunzi wakienda gwaride. Wakikomaa husokota kiota kimoja kigumu cha hariri, na ndani yake kila mmoja hufanya kifukofuko chake. Hariri hiyo ina thamani. Wayoruba wa Nijeria tangu zamani huifuma kuwa nguo iitwayo sanyan. Katika Msitu wa Kakamega, wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wamechunguza jinsi wanakijiji wanavyoweza kupata faida kwa hariri hiyo. Basi mdudu huyu si adui wa kuangamizwa kila mahali. Msituni yuko kwao. Karibu na jiko na bweni hapamfai.

Wala taabu hii si ya kwetu tu. Mwaka 2006 ndugu zao, viwavi waandamanao kwenye miti ya mialoni, waligunduliwa London, wakiwa wameingia Uingereza pamoja na miche iliyoletwa kutoka Ulaya bara. Mpaka leo watu wa huko huambiwa wasiviguse viota, bali watoe taarifa, na kazi ya kuviondoa ifanywe na waliofundishwa.

Mambo ya kuepuka

1. Usichome moto, wala usimwage mafuta ya taa.

2. Usiwapige kwa fimbo, usitikise tawi, usifagie kukavu chini ya mti, wala usiwarushie maji ya nguvu kwa mpira. Yote hayo hurusha nywele.

3. Usinyunyize dawa yoyote uliyoikuta imebaki ghalani. Zamani watu waliidhani DDT kuwa jawabu la kila mdudu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliikataza katika kilimo, ikabakizwa kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria.

4. Usianike nguo, usile, wala usifunge mbuzi au ng'ombe chini ya mti huo.

Tulivyofanya hapa shuleni

Siku ile ile tulizungusha kamba mbali na mti, tukaifunga njia ya jikoni na kuhamisha kamba za kuanikia nguo. Kisha tulimpelekea habari Bwana Shamba, ambaye siku hizi wengi humwita Afisa Ugani. Alifika baada ya siku 2. Alichagua saa ya alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Yeye na msaidizi wake walivaa nguo za mikono mirefu zilizofungwa vifundoni, glavu, mabuti, barakoa na miwani ya kukinga macho, wakasimama upande upepo utokako. Viota vya chini walivilowesha taratibu kwa bomba la mkono lenye maji ya sabuni, maana nywele zilizolowa haziruki. Halafu walikata tawi dogo pamoja na kiota chake, wakalitumbukiza katika gunia lililo ndani ya gunia jingine, wakalifunga na kulizika katika shimo refu, mbali na kisima.

Kwenye matawi mengine palikuwa na viwavi wachanga ambao bado wanakula majani. Hao waliwanyunyizia dawa itokanayo na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Kiwavi akila jani lenye dawa hiyo huacha kula, akafa. Haimdhuru mtu wala nyuki, lakini haichagui kiwavi mbaya na mwema, kwa hiyo hunyunyizwa kwenye mti ulioingiliwa tu. Viota vya juu kabisa havikuguswa. Kupanda huko kungekuwa hatari kubwa kuliko viwavi wenyewe, na kamba yetu ingali pale.

Wasaidizi wengine tunao bure. Kuna nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya viwavi. Na yule ndege tumsikiaye akiita kwa sauti tatu mvua zikikaribia hula sana viwavi wenye manyoya. Anayewarushia ndege mawe bustanini anawafukuza walinzi wetu.

Huduma ya kwanza

Mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza alivuka kamba kuufuata mpira, akaokota na jani. Mkono wake uliwaka. Tulimfanyia hivi, nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo. Tulimwondoa pale, tukamkataza kujikuna. Alivua shati bila kulipitisha usoni. Tulibandika plasta juu ya ngozi na kuibandua, mara nyingi, kila mara kipande kipya, ili inase nywele. Ndipo tukamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kusugua, na kumwekea kitambaa cha maji baridi. Shati lilifuliwa peke yake kwa maji ya moto.

Zikiingia jichoni, usilifikiche hata kidogo. Lioshe kwa maji safi mengi, uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Na mtu akivimba midomo au akipumua kwa shida, msingoje plasta wala maji: mkimbizeni hospitali.

Wale vijana wawili wa kiberiti ndio waliokuja kunisaidia kufunga kamba, na kila jioni hupita kuona kama haijalegea. Likizo inakaribia, na huko nyumbani huenda wengine mtakuta mti ulioingiliwa, na kaka mdogo au dada mdogo akicheza chini yake. Mwondoeni mtoto kwanza. Mti utangoja.