Baa za kukaza bodi: ipi inastahili pesa yako?

Mwenye Subaru Impreza akilalamika kwamba gari lake halitulii kwenye kona, fundi wa kwanza atamwambia afunge baa ya mbele. Ushauri huo si mbaya, lakini wengi huufuata wakiwa na tatizo jingine kabisa: gari linalala kwenye kona. Baa haizuii gari kulala. Hiyo ni kazi ya springi, shokapu na stabilaiza.

Kazi ya baa ni kuzuia bodi isijipinde. Land Cruiser ya kazi au Hilux hukalia chesisi yake. Impreza na saluni nyingi za Kijapani hazina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kwenye mfumo wa MacPherson, kichwa cha shokapu hushikwa na mnara wa bati chini ya boneti. Gari likikata kona, mnara wa kushoto na wa kulia husukumwa kwa nguvu tofauti. Baa huiunganisha miwili hiyo, pembe ya tairi isiyumbe sana, na dereva husikia usukani ukijibu mapema kidogo.

Kwa hiyo tazama gari kabla ya kutazama bei. Impreza ina MacPherson mbele, na faida ipo. Mark X mbele ina mikono miwili, wa juu na wa chini, hivyo nguvu za pembeni haziendi zaidi kwenye kichwa cha shokapu. Baa hiyohiyo itapendezesha injini kuliko itakavyosaidia kona. Nyuma nako kuna tofauti: Impreza za kabla ya toleo la 2007 zina shokapu zinazobeba mzigo wa pembeni, na baa ya nyuma ina maana. Kuanzia toleo hilo mfumo wa nyuma ulibadilika, na faida yake ni ndogo.

Sokoni kuna njia tatu.

Mpya ya chapa. Baa ya mbele ya kampuni ya Kijapani kama Cusco huuzwa kwao takriban yeni 15,000 hadi 25,000. Ongeza usafiri, ushuru na VAT, asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya, na bei ya mwisho itakuwa mbali na ile uliyoiona mtandaoni. Unacholipia ni mashimo yanayokaa sawasawa na baa isiyogusa kitu.

Mtumba kutoka Japani. Kwa watu wengi hapa ndipo penye thamani, kwa kuwa chuma hakichakai kama bushi. Ikague: mashimo yasiwe yamepanuka, sahani za pembeni zisiwe zimepinda, viungio visicheze ukivitikisa. Uliza pia imetoka kwenye gari lenye turbo au lisilo nayo. Impreza ya turbo ina intakula juu ya injini, na baa ya gari la kawaida inaweza kuigonga.

Ya kuchomelea. Mafundi vyuma wa Gerezani au Kamukunji watakutengenezea kwa bei ndogo kuliko zote. Udhaifu uko kwenye sahani zinazokaa juu ya minara. Zikiwa za bati jembamba, zitakunjika zenyewe na bomba nene la katikati halitafanya kazi yoyote. Dai sahani nene na bomba lililonyooka. Usidanganywe na mng'ao wa alumini pia: chuma ni kigumu karibu mara tatu kwa unene uleule, kwa hiyo alumini nyembamba ni pambo.

Baa za chini, zinazounganisha sehemu inapofungwa mikono ya tairi, hufanya kazi nzuri kwenye lami safi. Lakini zinashusha tumbo la gari. Kama njia ya nyumbani ina matuta marefu, utazigonga kila siku, ziache.

Kufunga baa ya mbele ni kazi nyepesi, ila ina miiko. Gari likae kwenye sakafu iliyonyooka, uzito wote ukiwa juu ya matairi. Ukilipiga jeki na kufungua nati, shokapu itashuka. Kwenye Impreza utafungua nati tatu za pembeni kila upande, spana namba 12. Nati kubwa ya katikati usiiguse: ndiyo inayozuia springi iliyobanwa, na ikifunguka inaweza kumuumiza mtu vibaya. Kaza kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha gari, maana bolti hizo ni nyembamba na hukatika kwa fundi mwenye mkono mzito. Baa yenye sehemu ya kurekebisha urefu ikae kwanza bila kusukuma wala kuvuta minara.

Kabla ya kufunga boneti, bandika vidonge vya unga uliokandwa juu ya baa, shusha boneti taratibu, kisha ifungue. Palipobaki unga mwembamba kama karatasi patagongana, kwani injini nayo hutikisika. Baada ya siku chache za kuendesha, kagua nati tena na upime alaimenti.

Hayo yote yana maana tu kama sehemu zilizopo ni nzima. Baa ikifungwa kwenye gari lenye bushi zilizopasuka, boljointi zinazocheza na shokapu zinazovuja, mwenye gari hatahisi tofauti.

Mpango wa pesa basi ni huu. Kwanza bushi, shokapu na matairi. Pili, kama kero ni kulala, stabilaiza nene zaidi. Tatu, kwa gari la MacPherson, baa ya mbele ya mtumba. Mpya inunue ikiwa ya mtumba inayolingana na gari lako haipatikani. Kwa Mark X, ishia hatua ya pili.