Kisanduku kilichofichwa kando ya reli ya zamani: kinatafutwa namna gani?

Zamani za ukoloni, treni ilikuwa inatoka Uvira mpaka Kamanyola. Leo haipiti tena. Je, reli ikishakufa, njia yake inaweza kutumika kwa kazi gani?

Huko kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye nyanda za juu za Dartmoor, kuna reli iliyofungwa mwaka 1956. Vyuma vilitolewa, lakini njia ilibaki, na watu wanaifuata kwa miguu na kwa kinga. Kati yao kuna wale wanaoinama kila mara na kuchungulia chini ya mawe. Hawakupoteza kitu. Wanatafuta kisanduku ambacho mtu mwingine alikificha kwa makusudi, na ambacho watu huko wanakiita sanduku la barua.

Jambo lilianza na chupa

Mwaka 1854, James Perrott, mzee aliyekuwa anaongoza wageni katika nyanda hizo, aliweka chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool. Kufika pale ilikuwa kazi: matope, majani marefu, ukungu, na hakuna barabara. Mgeni aliyefika aliacha humo kadi yenye jina lake, kama ushuhuda kwamba kweli alifika.

Baadaye watu walianza kuacha kadi za posta zenye anwani yao wenyewe. Yule aliyefuata alizichukua na kuzipeleka posta. Ukipata kadi yako nyumbani, unajua kuna mtu mwingine aliyefika kule nyuma yako. Jina la sanduku la barua lilitoka hapo. Leo visanduku vya namna hiyo ni vingi sana Dartmoor, na mchezo ulifika hadi Marekani, ambako ulijulikana zaidi baada ya gazeti la Smithsonian kuuandikia mwaka 1998.

Ju ya nini reli?

Treni haipendi mlima mkali. Wajenzi wa reli ya Princetown, iliyofunguliwa mwaka 1883, walilazimika kuizungusha kando ya vilima ili ipande polepole. Ndiyo maana mtoto na mzee wanaweza kuifuata leo bila kuchoka sana. Tena reli inaacha alama nyingi: madaraja, karavati, mahali mlima ulipokatwa. Karibu na King's Tor, kando ya njia, kuna mawe yaliyochongwa vizuri kwa ajili ya kupanua daraja la London mwanzoni mwa karne ya 20. Hayakutumika, na mpaka leo yamelala palepale. Kwa mutu anayetafuta, alama kama hizo ni sawa na vibao vya barabara.

Unatafuta namna gani?

Kwanza unapata maelezo, ambayo mara nyingi ni kama kitendawili. Tuchukue mfano wetu: «Simama mahali ambapo mnara wa televisheni uko nyuzi 20 za dira, na kilele cha kilima nyuzi 310. Hesabu hatua 15 kuelekea kusini. Angalia chini ya jiwe lenye umbo la mkate.» Dira inakupa mistari miwili, pale inapokutana, ndipo pa kuanzia.

Ndani ya kisanduku hakuna pesa wala zawadi. Kuna kaye ndogo na muhuri ambao mara nyingi mwenyewe aliuchonga kwa mkono. Wewe pia unakuja na kaye yako, muhuri wako na wino. Unapiga muhuri wako katika kaye ya kisanduku, na ule wa kisanduku katika kaye yako. Kisha unafunga vizuri maji yasiingie, unarudisha palepale, unaweka jiwe kama lilivyokuwa. Na husemi kwa sauti mahali kilipo.

Hakuna kufuli, hakuna mlinzi. Mwenye kukificha anaamini kwamba watu asiowajua watakirudisha. Kuna masharti pia: usibomoe ukuta wa zamani, usichimbe, usitumie simenti, usiguse mabaki ya kale.

Bendera nyekundu

Musidhani kwamba huko hatari haiko. Sehemu ya Dartmoor inatumiwa na jeshi kwa mazoezi ya risasi, na Cranmere Pool yenyewe iko ndani ya eneo hilo. Siku za mazoezi wanapandisha bendera nyekundu, na saa zinatangazwa mbele. Hata siku zingine watu wanaambiwa: ukikuta chuma usichokijua, usikiguse.

Hapo ndipo sisi wa huku tunapaswa kusikiliza vizuri. Kwetu hakuna bendera inayoonyesha mahali bomu au gurunedi ilipobaki baada ya vita. Mara nyingi watoto ndio wanaoumia, wakidhani wamepata kitu cha kuchezea au chuma cha kuuza. Kwa hiyo, wazazi, musiwatume watoto kutafuta vitu vilivyofichwa porini, mashambani au kwenye njia zilizoachwa. Ukiona kitu cha ajabu, usikisogelee, usikitupie jiwe. Rudi kwa njia uliyopitia, kataza wengine wasipite, kisha mjulishe kiongozi wa mtaa au wa kijiji.

Lakini mchezo wenyewe unaweza kuchezwa mahali panapojulikana. Mwalimu anaweza kuficha kopo ndani ya uwanja wa shule, akaandika maelezo, na wanafunzi wakajifunza kutumia dira, kuhesabu hatua na kusoma kwa makini. Muhuri unaweza kuchongwa kwenye kipande cha kiazi.

Yaliyobaki yanangoja amani. Kisanduku cha Dartmoor kinakaa chini ya jiwe kwa sababu mutu anaweza kuinua jiwe hilo bila kuogopa kilicho chini yake. Siku ambayo mtoto wa kwetu ataweza kufanya vile kwenye njia yoyote ya zamani, tutajua kweli vita vimeisha.