Chipu ndani ya simu na redio: mchuuzi wa Rumonge akague nini kabla ya kulipa

RUMONGE - Mfanyabiashara anayenunua katoni ya simu, redio ndogo au spika za kuuza Rumonge, Nyanza-Lac au ng'ambo ya ziwa huko Baraka, kwa kawaida hutazama mambo matatu: sura ya chombo, nguvu ya sauti na bei. Lakini kinachoamua kama mteja ataridhika au atarudisha mzigo hakionekani kwa macho. Ni chipu, kile kijipande cha silikoni kilichofichwa ndani.

Makala haya yanaeleza chipu hizo zinafanya kazi gani, kwa nini bei ya vyombo hivi imeshuka, na namna ya kujikinga na hasara.

Sauti hugeuzwa namba

Maikrofoni hubadilisha sauti kuwa umeme unaopanda na kushuka. Chipu huupima umeme huo mara 8,000 kwa sekunde katika simu ya kawaida, na mara 44,100 katika muziki wa CD, kisha huandika kila kipimo kama namba.

Namba hizo ni nyingi mno, hivyo chipu huzibana. Sauti ya simu isiyobanwa huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde. Mfumo wa kwanza wa GSM uliibana hadi kilobiti 13, karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo maana mnara mmoja huweza kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja.

Kwa upande wa muziki, njia ya MP3, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, huondoa sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua. Muziki wa CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kawaida hutumia 128. Kwa hesabu hiyo, kadi ya memori ya gigabaiti 1 hubeba muziki wa saa kama 17. Mpango wa kulipia leseni ya MP3 ulifungwa mwaka 2017.

Kwa nini bei ilishuka

Redio ya zamani ilikuwa na vipande vingi vilivyochomelewa kimoja kimoja. Leo kazi hizo zote hufanywa na chipu moja au mbili.

Kampuni ya MediaTek ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilichangia sana mabadiliko hayo upande wa simu. Katika miaka ya 2000 iliuza chipu pamoja na programu na michoro yake, hivyo viwanda vidogo vya Shenzhen, China, viliweza kuunda simu bila wahandisi wengi. Ndipo zilipofurika simu za bei nafuu zenye laini mbili, kamera, muziki na redio ya FM.

Redio hiyo ya FM huwachanganya wateja. Katika simu nyingi waya wa spika za masikioni ndio antena. Bila kuuchomeka, redio hukoroma au hunyamaza kabisa. Mweleze mteja kabla hajadhani kwamba umemuuzia kibovu.

Picha: namba kwenye boksi si kitu pekee

Kamera ya simu hutumia chipu ya aina ya CMOS, iliyoendelezwa miaka ya 1990 na kundi la Eric Fossum katika maabara ya NASA huko California. Uso wake umegawanywa katika vidoti viitwavyo pikseli. Kamera yenye pikseli 640 kwa 480 ina jumla ya 307,200, yaani megapikseli 0.3.

Hapa ndipo ujanja unapoingia. Programu inaweza kuongeza vidoti vya kubuni hadi picha ionekane kuwa ya megapikseli 2. Faili litakuwa kubwa, lakini maandishi madogo hayatasomeka.

Aidha, chipu ndiyo inayoamua kiasi cha mwanga. Kampuni ya Transsion, yenye simu za Tecno na Itel, ilipata soko kubwa Afrika kwa sababu, pamoja na mambo mengine, ilirekebisha kamera zake zionyeshe vizuri ngozi nyeusi.

Kagua kabla ya kulipa

Kwanza, kadi ya memori. Ziko kadi ambazo chipu yake imepangwa kusema uongo: huonyesha gigabaiti 32 wakati nafasi halisi ni 4. Jaza moja mpaka mwisho, kisha fungua faili za mwanzo na za mwisho.

Pili, kamera. Piga picha ya ukurasa wa gazeti, kisha ikuze.

Tatu, namba ya IMEI. Bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15. Zilingane na za kwenye boksi, na simu mbili zisiwe na namba moja. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Mzigo wa namna hiyo ukivuka Mugina kwenda Manyovu na Kigoma, unaweza kuwa mzigo wa plastiki tu.

Suala la ushuru

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni wa mali iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, kama mawese na dagaa. Simu iliyotoka China haipati nafuu hiyo hata ikiwa imenunuliwa Kigoma. Asiyejua hili hupanga bei bila kuhesabu ushuru, na faida yake huishia forodhani.

Hatimaye, dai risiti yenye namba za IMEI na uziandike katika daftari lako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.