Tone la Damu Kidoleni

Ndugu zetu wa Chang'ombe, hapa Dodoma, wako wasemao ya kuwa ugali wa uwele hauongezi sukari mwilini. Twawaambia, mwenye kisukari na apime saa mbili baada ya kula. Tone la damu litamjibu.

Katika kongosho zimo chembe zifanyazo insulini. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1995 ulikadiria ya kuwa mtu mzima agunduliwapo na ugonjwa, nusu ya nguvu ya chembe hizo imekwisha kupotea, nayo iliyobaki huzidi kupungua. Basi kipimo cha alfajiri kikizidi kupita milimoli 7 kwa lita, mke asimwite mumewe mlafi, wala mume asitupe dawa. Aandike hesabu daftarini, ampelekee daktari. Kikishuka chini ya 4, anywe maji ya sukari upesi.