Spika za bei mbaya: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

MNUNUZI wa kitenge mjini Gisenyi hukishika, akakivuta na kukitazama kwenye jua kabla ya kutoa fedha. Anayetaka spika za muziki za hali ya juu mara nyingi hana nafasi hiyo. Jozi moja ya spika hizo inaweza kufikia bei ya gari kuukuu, lakini huagizwa kwa kutazama picha na karatasi ya vipimo tu. Kisha mzigo hushuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, hupanda lori hadi Kigali, na hapo bado husalia kilomita zipatazo 150 za milima hadi ufukweni mwa Ziwa Kivu.

Zikifika na sauti isipendeze, hasara ni ya mnunuzi. Nauli imekwenda, ushuru umelipwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pia. Je, yawezekana kuchagua vyema kitu ambacho sikio halijakionja?

Wataalamu wanasema inawezekana kwa kiasi kikubwa, na tena jicho hudanganya kuliko karatasi. Mtafiti Floyd Toole, aliyefanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alitumia miaka mingi kuwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Mwaka 1994, yeye na mwenzake Sean Olive walionyesha kuwa watu wale wale hubadilisha alama wanazotoa mara wanapoziona spika zenyewe. Ukubwa, sura na jina la kampuni huingia masikioni.

Mwaka 2004 Olive alionyesha pia kuwa vipimo vya maabara vinaweza kubashiri, kwa ukaribu mkubwa, ni spika zipi watu watazipenda. Kwa ujumla, zilizopendwa ni zile ambazo mstari wa grafu yake umenyooka, bila milima na mabonde, na ambazo sauti inayokwenda pembeni inafanana na ile inayokwenda mbele. Kwa hiyo anayeagiza kutoka mbali aanze kwa kudai grafu, si sifa.

Hata hivyo, karatasi ina mitego yake. Maneno "hezi 40 hadi 20,000" hayana maana kubwa kama hayakuandikwa kuwa sauti hupanda au kushuka kwa desibeli ngapi ndani ya mipaka hiyo. Desibeli tatu juu au chini ni kipimo cha kuheshimika.

Aidha, watu hukimbilia wati na kusahau usikivu wa spika, yaani sauti inayotoka kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 84 huhitaji nguvu mara nne ili ilingane na ya desibeli 90. Palipotosha wati 10, sasa zinatakiwa 40. Vilevile spika ya omu 4 hufyonza umeme mwingi kuliko ya omu 8, na amplifaya dhaifu inaweza kuchemka. Zile zenye amplifaya ndani yake zikaguliwe kama zinakubali volti 230 za Rwanda, kwani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huenda zikawa za volti 120 tu.

Jambo ambalo karatasi haiwezi kusema ni sebule yako. Katika mji huu nyumba nyingi zina kuta ngumu na sakafu ya saruji, na sauti hugonga humo na kurudi kama mpira. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvumisha sauti ya hezi 43 hivi, karibu kabisa na hezi 41 za uzi mnene wa gitaa la besi. Ndiyo maana anayesikiliza rumba ya Kongo akiwa ameegemea ukuta husikia besi ikinguruma, na akisogea katikati ya chumba inapungua. Kabla ya kulaumu spika, hamisha kiti, tandika zulia, tundika mapazia mazito.

Anayenunua zilizotumika aulize pembezoni mwa koni pana nini. Sponji huoza na kumeguka baada ya miaka kumi au ishirini, ilhali mpira hudumu zaidi. Adai picha ya karibu.

Mwisho, spika ndefu zisimikwe imara. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 22, 2021, matetemeko yalipasua nyumba kadhaa Rubavu, na kitu chembamba chenye kilo 30 hakihitaji mtikisiko mkubwa kuanguka.

Ukubwa nao usikutishe wala kukuvuta. Shirika la utangazaji la BBC lilibuni katika miaka ya 1970 spika ndogo ya LS3/5a kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Haikuwa na besi nzito, lakini ilisifiwa kwa kutoa sauti ya mtu kama ilivyo. Anayejua anachopenda kusikiliza, ukubwa wa chumba chake na nguvu ya amplifaya yake, amekwishafungua gunia nusu. Nusu iliyobaki ni kumwomba muuzaji aandike masharti ya kurudisha mali, kabla fedha hazijatoka mfukoni.