Nitro kwa ndai ya kawaida: anza na 50, usijifanye

Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na ndai bila tabo inapotezanga kama asilimia 15 ya nguvu juu hewa ni nyepesi. Ndo maana story ya nitro inabamba wasee wa huku. Mtungi unakam na oksijeni yake.

Nitro yenyewe haichomeki, maze. Ikipata joto ya kama digrii 300 inavunjika na kuachilia oksijeni, na hiyo ni asilimia 36 ya uzito wake. Kwa hewa ya kawaida ni 23. Sasa oksijeni mob inataka mafuta mob. Ikikosa, pistoni zilikuja na ndai zinapasuka pale ringi hukaa, na injini inanoki. Watu husema nitro ndo imeua. Zii, ni mafuta haikutosha.

Ukiwa na 1NZ, ile ya Probox na Fielder, uko na farasi kama 109. Mi siwezi ongeza na nitro kupita farasi 50 hapo, na 35 si aibu. Chukua seti inarusha nitro na mafuta pamoja, si ile inatupa nitro solo. Pampu ya mafuta iwe mpya. Ukienda Grogan utapewa ya ex-Japan nusu bei, iwache hapo. Plagi ziwe baridi hatua moja, taimingi irudi nyuma digrii 2.

Swichi ndo watu hupenda kuruka. Nitro ifunguke tu ukikanyaga hadi mwisho na revi zikipita 3,000. Chini ya hapo pistoni inapanda polepole, presha inajaa mob, konrodi inapinda. Na izime kabla revi zigonge mwisho.

Presha ya mtungi iwe 900 hadi 1,000 psi. Kuna machali huupasha na moto ya gesi. Hao kaa mbali nao.

Raundi ya kwanza fanyia uwanja umefungwa, si Thika Road saa nane usiku. Ukimaliza zima injini hapo hapo, toa plagi, mulika ile kauri nyeupe na tochi ya simu. Kahawia kidogo ni poa. Ukicheki vidoti vyeusi kama pilipili manga, injini imegonga. Vidoti vinang'aa ni alumini ya pistoni yako. Funga mtungi, hiyo siku imeisha, na usiufungue tena kabla mecha acheki mafuta na taimingi.